Barua ya wazi kwa wenye shule: ratiba mtupe mapema, na ikibadilika mtuambie kabla hatujalipa nauli

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, kwa Katibu wa Elimu ya Msingi, kwa Tume ya Huduma za Walimu (TSC), kwa wakurugenzi wa elimu wa kaunti, na kwa nyinyi walimu wakuu mnaolea sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 mpaka 9, ndani ya shule zetu za msingi.

Salaam nyingi na poleni na kazi. Mimi ni mzazi tu, sina cheo, sio mwenyekiti wa wazazi wala sitafuti kura ya mtu. Nina watoto wawili kwenye hiyo sekondari msingi, mmoja Gredi ya 7 na mwengine Gredi ya 9, tunakaa Kisauni hapa Mombasa, na saa hii tuko likizo ya Aprili 2026, mvua za masika zinanyesha zikikatika, watoto wako nyumbani wanamaliza unga, na kila nikikutana na mzazi mwenzangu kwa mama mboga swali ni lilelile, wewe ushaambiwa nini kuhusu muhula wa pili? Na jibu ni lilelile, sijaambiwa kitu, labda kwa group ya WhatsApp.

Nianze kwa haki. Kalenda ya taifa ipo na mliitoa kabla mwaka haujaanza, kwa hilo shukrani. Muhula wa kwanza ulifungwa Alhamisi tarehe 2 Aprili, wa pili unafunguliwa Jumatatu tarehe 27 Aprili mpaka Ijumaa tarehe 31 Julai, nusu muhula ni tarehe 24 mpaka 28 Juni, alafu wa tatu ni 24 Agosti mpaka 23 Oktoba. Hio hata mtoto wangu wa Gredi ya 7 ameiandika nyuma ya daftari. Kwahivyo msinijibu eti mzazi aangalie kalenda, kalenda nimeiangalia, nimeibandika mpaka kwa mlango wa jikoni. Shida yangu ni yale yanayotokea katikati ya hizo tarehe, yale ambayo waraka wa wizara hauyasemi na shule inayajua lakini inayatoa kidogo kidogo, leo moja kesho jengine, usiku, na mara nyingi baada ya mambo kushaharibika.

Chukua karatasi ya ripoti ya mwanangu wa Gredi ya 7 aliyokuja nayo siku ya kufunga. Iko vizuri, masomo tisa yote yamepangwa, Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi Jumuishi, Kilimo na mengine, kila moja na kiwango chake, pale ME (amefikia matarajio), pale AE (anakaribia matarajio), mwalimu wa darasa ameandika maoni kwa mkono wake na mwandiko mzuri kabisa, ongeza bidii. Ukishuka chini kabisa kuna mistari mitatu. Tarehe ya kufungua, imejazwa. Mahitaji ya muhula ujao, imeandikwa "mtajulishwa". Siku ya mkutano wa wazazi, patupu, hakuna hata kistari. Sasa mimi nakaa na hiyo karatasi likizo nzima namngoja nani anijulishe? Fundi wa sare akisikia shule zinafunguliwa Jumatatu, ile Alhamisi na Ijumaa bei ya sweta si ya wiki iliyopita, na foleni yake inafika barabarani. Mwenye kibarua cha kulipwa kila siku hawezi kutoa elfu tatu Jumapili jioni, lakini ukimwambia leo kwamba zitahitajika tarehe fulani ataweka mia mia kwenye chama mpaka zifike. Tarehe kwa mtu wa mapato madogo ndio bajeti yenyewe, haina nyengine.

Kuna wanaosema sisi wazazi wa siku hizi tunapenda kulalamika. Sawa. Ebu niwakumbushe Aprili ya 2024. Shule zilikuwa zifunguliwe Jumatatu tarehe 29, mafuriko yamejaa nchi nzima, barabara zimekatika, kila mtu mwenye macho alikuwa anaona kwamba kuna mahali watoto hawataweza kufika. Tangazo la kusogeza kufungua kwa wiki moja likatoka usiku wa kuamkia hiyo hiyo Jumatatu. Watu washafunga masanduku, washalipa basi, wa bweni wengine washatoka nyumbani, anaamka asubuhi anaambiwa rudi. Alafu ile wiki moja nayo haikutosha, Ijumaa tarehe 3 Mei Rais akasogeza tena bila kutaja siku, na baadae ikatangazwa kwamba ni tarehe 13 Mei. Mimi sipingi uamuzi, maji yalikuwa yanaua watu na mtoto akiwa hai ndio atasoma, ilikuwa sawa kabisa kufunga. Ninachopinga ni ile saa. Mvua haikuanza usiku ule, ilikuwa inanyesha wiki kadhaa na Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa inasema. Kwanini tangazo lisitoke Ijumaa ama Jumamosi mchana? Na tuko tena kwenye masika, miaka miwili baadae, na mpaka leo sijaona mahali pameandikwa kwamba shule zikisogezwa kwa ajili ya mvua tangazo litatoka kabla ya saa ngapi, litapitia wapi, na yule aliyelipa nauli atafanya nini.

Sasa nije shuleni kwenyewe, maana ya wizara ni mara moja kwa mwaka lakini ya shule ni kila wiki.

Muhula uliopita, Jumapili moja, saa tatu na nusu usiku, simu ikalia. Ujumbe kwenye group ya darasa, kesho kila mwanafunzi wa Gredi ya 7 aje na karatasi mbili za manila, gundi, chupa tupu za plastiki, na mbegu za mchicha kwa ajili ya mradi wa Kilimo, asiyekuwa navyo asije. Saa tatu na nusu usiku! Mbegu za mchicha! Nikatoka na leso yangu mpaka duka la jirani, manila amebaki na moja tena imekunjika pembe, gundi hana, mbegu ndio akanicheka kabisa akaniuliza kama nataka kulima usiku. Chupa tulipata kwa kumwaga maji ya kunywa tuliyokuwa tumeyahifadhi. Asubuhi mtoto akaenda na manila moja, chupa mbili, na hofu. Wenzake waliokosa kabisa walibaki nyumbani, yaani mtoto anakosa siku nzima ya masomo, Hisabati na Kiingereza na yote, kwa sababu ya mbegu ambazo sokoni Marikiti ni pesa kidogo tu ungesema Ijumaa.

Na hapa pana jambo ambalo wazazi wengi hawalijui na nyinyi mnalijua. Hiyo miradi sio mchezo. Mtoto akifika mwisho wa Gredi ya 9 anafanya mtihani wa KJSEA, na ule mtihani peke yake ni asilimia 60 tu ya matokeo. Asilimia 20 inatoka kwa KPSEA, mtihani aliofanya Gredi ya 6, na asilimia 20 nyengine inatoka kwa tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Kwahivyo tathmini anayokosa mtoto wa Gredi ya 7 kwa sababu ujumbe ulikuja usiku, inamfuata mpaka siku ya kupangiwa sekondari pevu, ile ya Gredi ya 10 kwenda juu. Mzazi angejua hivo angeuza hata kuku. Lakini nani amemwambia? Mkutano wa wazazi tulioitwa mwaka jana ulichukua asubuhi nzima na kilichozungumzwa zaidi ni pesa ya kupaka rangi geti na ugomvi wa nani alikula posho. Ratiba ya tathmini haikutajwa, na mwalimu mmoja kijana wa sekondari msingi alipoinua mkono kutaka kuieleza akaambiwa muda umekwisha.

Kwa huyu wa Gredi ya 9 ndio silali. Darasa la kwanza la huu mfumo limeshapita, lile lililoanza Gredi ya 7 mwaka wa 2023 wakati hata madarasa hayakuwepo, wao ndio waliofanya KJSEA ya kwanza mwaka jana, matokeo yakatoka tarehe 11 Desemba na tarehe 12 Januari Gredi ya 10 ikaanza. Hesabu mwenyewe, ni mwezi mmoja, na ndani yake kuna Krismasi na mwaka mpya na maombi ya kubadilishiwa shule, na mzazi atafute sanduku, godoro, sare mpya, na nauli ya kwenda kaunti ambayo hajawahi kufika. Tuliwaona Januari. Mpaka ikabidi itoke amri kwamba watoto wapokelewe hata bila sare na bila karo, wiki kadhaa ndani ya muhula na wengine bado wako nyumbani.

Hao walikuwa wa kwanza, na wa kwanza kila mahali huumia. Sasa wanakuja wa pili, akiwemo wangu, na safari hii hakuna kisingizio cha ugeni. Mwaka jana mwezi wa Juni ndio watoto walichagua njia ya masomo ya sekondari pevu, kati ya ile ya Sayansi na Teknolojia, ya Sayansi za Jamii, na ya Sanaa na Michezo, na wakachagua shule 12, za bweni na za kutwa, za kaunti yao na za nje. Shule kumi na mbili! Mzazi ambaye yeye mwenyewe alisoma mfumo wa zamani wa 8-4-4, ama aliishia la saba, anatakiwa akae na mtoto wa miaka kumi na nne wachague mchanganyiko wa masomo na shule 12, na ikiwa ataambiwa Jumatatu kwamba fomu zinarudishwa Jumatano, ataandika nini? Ataandika jina la shule aliyoisikia kwa redio. Hata hakagui kama hiyo shule inafundisha mchanganyiko aliouchagua mwanawe. Mimi naomba, na hapa nawaomba kweli, hiyo tarehe ya zoezi la mwaka huu tuijue siku ya kufungua, tarehe 27, tuwe na mwezi mzima wa kuulizana, na shule itenge Jumamosi moja walimu wa sekondari msingi wakae na wazazi wa Gredi ya 9 peke yao, sio mkutano wa geti, mkutano wa njia na masomo. Hao walimu wanajua. Ni vijana, wengi walianza kwa ile intanshipu ya shilingi elfu ishirini kwa mwezi, wana digrii zao, wamepigwa chenga kila mwaka na bado wanakuja kazini. Wapeni nafasi waongee na sisi.

Hapo kwa nani anaongea na nani pia pana mtafaruku. Tangu sekondari msingi iwekwe ndani ya shule ya msingi, mwalimu mkuu ni mmoja, wa msingi, na walimu wa sekondari msingi wana kiongozi wao wa chini chini, na kila upande una group yake ya WhatsApp. Kuna wiki tuliambiwa na upande mmoja kwamba Ijumaa watoto wanatoka saa sita kwa sababu walimu wana semina, na upande mwengine ukasema ni siku ya kawaida mpaka saa tisa na nusu. Mtoto wangu alikaa nje ya geti lililofungwa, chini ya mwarubaini, kuanzia saa sita mpaka mimi nilipotoka kazini. Hakudhurika, alhamdulillahi. Lakini barabara ile ina matatu na tuktuk na wahuni wa kila aina, na mtoto wa kike wa miaka kumi na tatu. Mimi sitaki kujua nani mkubwa kati yenu. Nataka ujumbe mmoja, kutoka kwa nambari moja, wenye jina la mtu aliyeutuma.

Na saa. Jamani saa. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinasema shule ya kutwa masomo ni saa mbili asubuhi mpaka saa tisa na nusu, alafu ndio michezo na vilabu. Lakini watoto wa Gredi ya 9 kwetu huambiwa wafike saa kumi na mbili na nusu, kwa mdomo tu, haijaandikwa popote, na asiyefika anapiga magoti. Masika kiza hakijaondoka vizuri na maji yamejaa njiani, anayevuka Likoni kuja upande huu itabidi aamke saa tisa usiku. Kama kuna sababu ya kuwaita mapema iandikwe na isainiwe. Kama haiwezi kuandikwa basi mnajua wenyewe ni kwanini. Ni hivohivo kwa masomo ya likizo, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 imeyapiga marufuku, kifungu cha 37, na wote tunajua yanaendelea kwa jina la "remedio ya hiari", yaani masomo ya ziada, na mtoto asiyelipa hiyari yake anakaa nyuma. Sitarefusha hapo, mnalijua vizuri kuliko mimi.

Pesa nayo tuiseme kwa sauti ya chini lakini tuiseme. Serikali inasema kila mwanafunzi wa sekondari msingi ana shilingi 15,042 kwa mwaka, na zinatakiwa zije kwa mafungu, asilimia 50 muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili, asilimia 20 wa tatu. Kwahivyo muhula huu tunaouanza fungu la kila mtoto kwa hesabu ya karatasi ni kama 4,500. Tunajua si yote yanatua kwenye akaunti ya shule, na tunajua huchelewa. Walimu wakuu wengi wanakopa chaki na karatasi za mtihani kwa maduka na wanaona haya kutuambia, na matokeo yake tunaletewa michango midogo midogo, mia mbili ya karatasi, mia ya maji, hamsini ya askari, kila moja siku yake, kila moja na "asiyelipa asije". Mwalimu mkuu, mimi nakuheshimu, na nakuambia kwa heshima hiyohiyo, tuambie ukweli. Andika kwa ubao pale ofisini, tumepokea kiasi hiki, bado kiasi hiki, tunahitaji kiasi hiki kwa muhula mzima. Mzazi atanung'unika, atasema shule ni ya bure, lakini atajua, na akijua atapanga. Hizi za kuvizia vizia ndizo zinazofanya mtu afulize, akope kwa simu, saa moja asubuhi huku mtoto amesimama mlangoni na begi mgongoni.

Lugha ndio wengi tunaogopa kuisema tusionekane hatukusoma. Ujumbe wa shule unakuja kwa Kiingereza cha ofisini, mrefu, wa kuzunguka, ukimaliza kuusoma hujui kama mtoto aje ama asije. Katiba, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Huku kwetu kuna nyumba nyingi ambazo mlezi ni nyanya, mama yuko Ghuba anafanya kazi, baba yuko baharini ama hayuko kabisa, na yule bibi ana simu ya kabambe isiyofungua WhatsApp, na Kiswahili anakisoma vizuri sana kwa sababu alisoma chuoni, madrasa, na shule ya zamani. Yeye mnamfikiaje? Kwa group? Hio group yenyewe wenye simu janja tunashindwa nayo, ina picha za maua za habari za asubuhi, video za maombi, mtu anauza samaki wa kukaanga, wawili wanagombana kuhusu siasa, na tangazo la mtihani liko katikati hapo limepita jana. Meseji ya kawaida ya SMS inafika kwa kabambe na kwa simu janja, inafika hata bila bando. Mistari mitatu inatosha, nini, lini, na aje na nini.

Basi ninachotaka mimi si kikubwa. Karatasi moja ya muhula, upande mmoja wa A4, mtoto aje nayo siku ya kufungua na nyengine ibandikwe ukutani kwa geti upande wa nje, mahali mtu anaweza kusoma bila kuomba ruhusa kwa askari. Iseme mtoto anaingia saa ngapi na anatoka saa ngapi. Iseme siku ambazo hakuna masomo, maana muhula huu unaanza na wiki ya siku nne, Ijumaa ile ni tarehe 1 Mei Sikukuu ya Wafanyikazi, alafu Idi ya kuchinja inaangukia mwisho wa Mei kwa mwandamo wa mwezi, na Madaraka ni Jumatatu tarehe 1 Juni, hapo kuna wiki mbili zimekatikakatika na huku pwani kila mwaka tunasubiri mpaka dakika ya mwisho kujua kama shule itafungua siku ya pili ya Idi. Iseme wiki za tathmini na wiki za miradi, na vifaa vya kila mradi viorodheshwe mapema, mwalimu wa Kilimo anajua tangu sasa kwamba atahitaji mbegu, na wa Masomo ya Awali ya Kiufundi anajua kama atataka mbao ama waya. Iseme lini fomu za Gredi ya 9 zinajazwa. Iseme mkutano wa wazazi ni lini, na uwe Jumamosi ama jioni, Jumanne saa nne asubuhi anakuja nani asiyekuwa na hofu ya kufutwa kazi.

Na kitu kikibadilika, maana vitabadilika, hakuna anayedai shule iendeshwe bila mabadiliko, basi SMS itoke kabla ya saa kumi na mbili jioni, na ikishapita hapo kitu kisidaiwe kesho yake. Asiyekuwa na kifaa aingie darasani asome. Kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya gundi kusiwepo.

Kwa wizara, nyinyi mna nambari za wazazi kwenye mfumo wa wanafunzi, mlituomba wenyewe, tukajaza na vyeti vya kuzaliwa tukaleta. Zitumieni. Siku ya kusogeza shule ujumbe utoke kwenu moja kwa moja, mchana, kwa Kiswahili na Kiingereza, sio tupate picha ya barua iliyopigwa vibaya kwenye mtandao na nusu saa baadae tuambiwe ni feki na baada ya saa moja tuambiwe ni ya kweli. Na wakurugenzi wa kaunti, mkipita mashuleni kukagua vyoo na vitabu ongezeni na hili, ulizeni karatasi ya ratiba ya wazazi iko wapi.

Kwa wazazi wenzangu mnaosoma hapa, chama cha wazazi kiko kwenye sheria ileile ya 2013 na kila darasa lina mwakilishi wake. Muulizeni wenu ni nani. Wangu nilimuuliza nikaambiwa alihamia Malindi zamani. Kwahivyo tarehe 27 mimi nitakuwa getini asubuhi na majina ya wazazi wa Gredi ya 7 na ya 9 wanaotaka mkutano, mwenye kutaka aje na kalamu.

Wenu,
Mzazi wa Gredi ya 7 na ya 9, Kisauni, Mombasa

Nimesahau moja. Ile nambari ya shule inayotuma SMS za michango, ukiijibu haipokei, na ukiipiga inasema haipo. Tafadhali wekeni inayopokea.